Mama Vipimo na Tenki la Shule

Mpaka leo sijui niseme Mama Vipimo alikuwa anaona kuliko sisi wote au alikuwa haoni kabisa. Nimemwendesha miaka mingi katika gari la kazi, Iringa hadi Mbeya na kurudi, na kama kuna mtu anayepaswa kulijua hilo ni mimi. Watu wananiuliza. Fundi aliyeshika nafasi yake ameniuliza, wakubwa wa ofisi wameniuliza, dada yangu ameniuliza akiwa ameshika kiuno. Kila mmoja nampa jibu lake, na nikishamaliza nabaki kujishangaa mwenyewe kwa niliyoyasema.

Jina analo, na wanawe wanalijua, lakini barabarani hakuna aliyelitumia. Kazi yake ilikuwa kutunza vituo vya hali ya hewa vilivyosimikwa kando ya barabara kuu. Ukipita unaviona, hata kama hujui ni nini: mlingoti wa chuma ndani ya uzio wa seng'enge, juu yake vikombe vinazunguka na upepo, katikati kitu cheupe kama sahani zilizopangwa kifudifudi, humo ndimo wanamopimia joto na unyevu. Chini kuna chombo cha mvua chenye kindoo kinachojaa, kinajihesabu na kujimwaga chenyewe. Pembeni kuna sola ya kulisha betri. Hakuna mtu anayelala pale. Mashine inapima, inatuma habari kwa laini ya simu, basi. Wengi wanadhani ni minara ya simu iliyodumaa.

Mafinga walidhani jambo jingine. Mwaka mmoja mvua zilichelewa, na tulipofika kituoni tukawakuta wazee wamesimama nje ya uzio, kofia mikononi, kama waliokuja msibani.

"Kamwene, Mama," akasema mkubwa wao.

"Kamwene, baba. Mnasemaje?"

"Tunasema hivi, Mama, hatuna ugomvi na wewe. Ila hii mashine inafukuza mawingu. Tunaomba uizime kidogo, mvua inyeshe."

Mimi nilishaanza kucheka. Mama Vipimo akaniangalia jicho moja nikanyamaza. Hakuwapa somo. Alifungua kisanduku, akachomoa waya wa betri, vitaa vikazimika, akatandika khanga kwenye nyasi na kuwamiminia chai ya tangawizi. Tulikaa pale alasiri nzima tukiangalia mbingu. Haikunyesha hata tone. Jua lilipoanza kushuka akasimama, akarudisha waya, akawaambia, "Basi wazee wangu, leo tumehakikisha si yeye." Wakamshukuru, wakaondoka. Ofisini walimgombeza kwa habari za alasiri ile zilizopotea, naye akajibu kwamba hata mtuhumiwa husikilizwa. Mvua ilipokuja, mashine ikiwa imewaka vizuri tu, mzee yule alituletea ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye dumu. Mama, mwislamu wa mjini Iringa ambaye babu zake walipanda na biashara kutoka pwani, alipokea kwa mikono miwili, akaomba dua, akanikabidhi mimi. Nikaliweka nyuma ya kiti mpaka nilipofika nyumbani.

Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumwelewa kwa jambo moja, analipindua kwa la pili. Igawa, kwenye joto la kukausha mate, alivaa sweta. Mbeya, kwenye baridi ya kutetemesha meno, alilivua na kulitupa kwenye kiti. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwili wake huwa unajiandaa kwa kituo kinachofuata. Mafundi wengine aliwakataza kula ndani ya gari, na yeye maandazi yake ya iliki yalijaza makombo mpaka chini ya pedali zangu. Aliwakaripia watu wazima kwa kuchelewa kidogo, halafu akasimama nusu saa Igawa akizungumza na kindoo cha mvua kilichojaa makapi ya mpunga: "Mwanangu, nani amekulisha haya?"

Alisema na vyombo vyote. Sola ya Mafinga, iliyokuwa ikijaa unga wa mbao na vumbi la njano la misindano, aliiita "bibi asiyeoga." Vikombe vya upepo vikikwama aliviambia acheni kununa. Kwangu mimi aliniita Dereva, basi, na siku akiniita mwanangu nilijua kuna mlima wa kupanda kwa miguu.

Halafu kulikuwa na buibui. Hili lazima nilieleze vizuri, kwa sababu baadaye lilituchanganya sote. Buibui wa barabarani wanapenda sana vile vyombo, hasa kile cha kupimia ukungu. Wanafuma nyuzi palepale panapopita mwanga, na chombo kikiona nyuzi kinadhani ni ukungu. Fundi mwingine angepulizia dawa, yakaisha. Mama Vipimo hakuua buibui. Wazee wake walimkataza, kwa kuwa buibui ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni. Basi alikata kijiti, akawakusanya mmoja mmoja pamoja na utando wao, akawahamishia kwenye nguzo ya uzio huku akiwaomba radhi. Tukirudi safari inayofuata tunawakuta wamesharudi. Anakata kijiti kingine. Mimi mlutheri wa Mufindi nilishika sufuria la kuwabebea, na mpaka leo nyumbani kwangu simuui buibui, wala sijui ni kwa dini ya nani.

Sasa nije mteremkoni, maana ndiko kila kitu kilikoharibikia, au kilikonyookea, sielewi.

Kabla ya kuingia Mbeya kuna mteremko ambao sitautaja, wanaoupita wanaujua. Kituo cha pale kilikuwa na vitu viwili ambavyo vingine havina. Kwanza, hicho chombo cha ukungu: mikono miwili ya chuma iliyoinamiana kama watu wanaotaka kunong'onezana, mmoja unatupa mwanga, wa pili unaangalia kama mwanga huo unatawanyika hewani. Sisi tulikiita jicho. Pili, juu kabisa ya mteremko, bango la taa. Jicho likiona ukungu, bango linawaka UKUNGU MBELE, PUNGUZA MWENDO. Hewa ikiwa safi linaandika SAFARI NJEMA.

Na chini, barabara inapokata kona, kuna wanawake wanaouza viazi, karoti, kabichi na nyanya. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko, ni mmoja wao. Wamepanga ndoo zao ukingoni mwa lami kabisa, kwa sababu utingo wa lori anataka kuona nyanya kabla hajamgongea dereva asimame. Ukirudi nyuma ya mtaro, hakuoni, huuzi. Malori ya Tunduma na Zambia yanashuka pale yakiwa yameshiba mzigo. Kwa hiyo bango likisema uongo, wa kwanza kuumia ni mwanamke aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ilishatokea. Kituo kikiwa bado kipya, asubuhi ya ukungu mzito, bango liliandika SAFARI NJEMA. Lori la mbao likashuka kwa mwendo wake wa kawaida, dereva akaiona kona akiwa ameshafika, gari likalala mtaroni na mbao zikamwagika juu ya ndoo za watu. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Dada yangu alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea kukiwa na baridi, na kwao baridi haiondoki.

Mama Vipimo alipolifungua jicho, alikuta vioo vyake vimepakwa tope jembamba linalorushwa na magurudumu. Jicho hili lina kituko: likichafuka halioni giza, linadhani hewa ni safi na hakuna ukungu. Alivifuta vile vioo kwa ncha ya ushungi wake, polepole, akavifuta tena vikiwa vimeshatakata. Kisha tukaenda hospitali. Alimbebea dada yangu uji kwenye chupa ya chai, akakaa kitandani kwake, akasema, "Mashine ilisema shwari, na mimi niliiamini nikiwa Iringa nakunywa chai. Nisamehe." Dada yangu hakujua mashine gani. Alikunywa uji.

Tangu siku hiyo akawa watu wawili. Kwenye vituo vyote vingine alikuwa yuleyule wa zamani, anayesema jicho la binadamu linachoka, lina njaa, lina usingizi, basi likibishana na chombo wewe kaa upande wa chombo. Mteremkoni aligeuka. Pale alikaa upande wa macho yake. Ofisi ilimpa kibao cheupe cha kujaribia jicho, unakiweka katikati ya ile mikono miwili na namba inayotokea inakuonyesha kama liko sahihi au la. Kwingine alikitumia. Mteremkoni alikiacha ndani ya gari. Nilipomuuliza alinijibu, "Kibao hakijawahi kuvunjika mguu, Dereva."

Badala yake alichagua alama. Kulikuwa na mkaratusi wa karibu, kulikuwa na mnara wa kanisa, na mbali kabisa, kilima cha ng'ambo, tenki la maji la shule. Alisimama amelipa mgongo lango la uzio, akaangalia kimoja baada ya kingine, kisha akaiuliza mashine imeona mpaka wapi. Wakipishana, alifungua kompyuta yake, akasogeza namba ya marekebisho mpaka mashine ikubaliane naye. Miaka ya mwanzo walipishana kidogo sana, na mimi nikaona ni jambo jema.

Baadaye nikaanza kuchanganyikiwa.

Ilikuwa asubuhi safi, anga limeoshwa na mvua ya usiku, hata punda wa ng'ambo ungeweza kuwahesabu masikio. Mama akasimama penye alama zake, akafuta miwani kwa khanga, akaivaa, akaivua, akaifuta tena.

"Leo ukungu umewahi," akasema.

Nikaangalia huku na huku. "Ukungu upi, Mama?"

"Huo. Tenki limeshamezwa."

"Mama, mbona mimi naliona?"

Akanigeukia taratibu. "Unaliona, au unajua lipo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaangalia tenki tena, na wallahi, maana na mimi nilikuwa nimeshajifunza kuapa kwa kwao, sikuwa na uhakika tena. Nimelipita lile tenki tangu nikiwa utingo. Labda kweli nililijua tu. Nilifumba macho nikafumbua, na safari hii nikaona kama kuna utando mwembamba juu ya bonde, kitu kama mvuke wa sufuria. Nikamwambia, "Ni kweli, Mama, kama kuna kitu." Akatikisa kichwa, akasogeza namba. Bango likawaka UKUNGU MBELE, jua likituchoma utosini.

Nilifikiri ni kipaji. Tena nilimsifia kwa mafundi wenzake: huyu mama anauona ukungu kabla haujafika. Alikuwa na mengine ya ajabu siku hizo, nami kila moja nililipatia maelezo. Aliliamkia koti la mvua lililotundikwa kwenye uzio, akasubiri liitikie. Nikasema ana mawazo. Aliimimina chai pembeni ya kikombe. Nikasema gari linatikisika, na gari lilikuwa limesimama. Malori yakituwashia taa alijikinga uso kwa kiganja na kusema taa za siku hizi hazina adabu. Hilo nilikubaliana naye kabisa.

Bango likaanza kuwaka ukungu mara nyingi kuliko SAFARI NJEMA. Malalamiko yakafika ofisini, na ofisi ikapiga simu. Mkubwa mmoja sauti yake ilijaa ndani ya gari: "Mama, hao buibui wako watatuaibisha. Bango linadanganya."

"Buibui nimewahamisha mwenyewe. Kioo ni safi. Ukungu upo."

"Madereva wanasema haupo."

"Hata mashine ilisema haupo siku ile ya mbao," akajibu, akakata simu. Waliosema bango liondolewe walikuwa wengi, na yeye alilipigania kama mtu anavyopigania kiwanja cha urithi. Alipanda Mbeya kwenye kikao, akawaambia wakiling'oa bango waje wao wenyewe kukaa kwenye ndoo chini ya kona. Likaachwa.

Na sasa hapa ndipo ninapopotea mimi. Bango lile lilikuwa linasema ukungu kwenye jua kali, na malori yalikuwa yanapunguza mwendo. Nilishindwa kuelewa. Mtu anaona mbele kweupe, anaambiwa kuna ukungu, na anakanyaga breki! Siku moja nikamuuliza dereva mmoja wa Tunduma aliyesimama kununua viazi kwa dada.

"Kaka, unauamini ule ukungu?"

"Ukungu wapi," akasema. "Lile bango tunalijua sisi. Likiwaka, ujue trafiki wako kwenye kona na tochi ya kupimia mwendo. Wamelitega. Sasa mimi nikapigwe faini kwa ajili ya ukungu?"

Trafiki hawakuwa na habari na bango. Lakini madereva walishaambizana hivyo kutoka Igawa mpaka mpakani, kuwa taa zile ni za kuficha tochi, na kila aliyeziona alishuka kwa adabu kama anaingia msikitini. Nilimsimulia Mama Vipimo nikitegemea atacheka. Alitazama dirishani mpaka tukaipita Chimala. Kisha akasema, "Kwa hiyo wanapunguza, lakini hawaniamini." Nikasema, "Si wanapunguza, Mama?" Akasema, "Sijui, Dereva. Sijui kama ni kitu kilekile." Na mimi nikaendesha nikiwaza kama ni kitu kilekile, mpaka leo naendesha nikiwaza.

Akastaafu. Tulimuaga kwa pilau, akalia, akamkabidhi mwenzake funguo na kibao cheupe na kumwagiza kuhusu buibui. Fundi mpya ni mtu mzima mwenye mvi, mpole, anayemheshimu kupita kiasi. Aliziona namba za mteremkoni na alishangaa, nilimwona akikipachika kibao na kukuna kichwa. Lakini alisema namba ya Mama haiguswi, kwa kuwa Mama ana sababu zake. Nani angebishana?

Kisha nikasikia kwa mwanawe kwamba wamempeleka hospitali kwa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, tena wa siku nyingi. Madaktari wamemtoa. Nilishika simu nikasimama katikati ya ua kama niliyesahau nilikuwa naenda wapi. Nikakumbuka koti la mvua. Nikakumbuka chai. Nikakumbuka nilivyosimama kwenye jua lile nikiuona ukungu ambao haukuwepo, kwa sababu mtu ninayempenda alisema upo. Niliona huruma, na niliona hasira pia, wala sikujua hasira hiyo ni ya nani.

Hazikupita siku nyingi akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke mteremkoni."

Alikuwa ameniita mwanangu. Niliazima gari la shemeji yangu, nikamchukua Iringa asubuhi. Njia nzima alikuwa anasoma. Mabango ya maduka, maandishi ya nyuma ya mabasi, bei za mbao Mafinga, kila kitu kwa sauti, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alinitazama na mimi pia, akasema nimezeeka na kwamba hakuna aliyemwambia. Nilicheka mpaka nikatoka machozi.

Tulipofika juu ya mteremko, aliliona bango kabla yangu. "Ukungu mbele, punguza mwendo," akasoma. Akashusha kioo, akatoa kichwa nje kuutafuta. Jua lilikuwa limeshika bonde lote. Akakirudisha kichwa ndani, akapandisha kioo.

Nikasimamisha gari kwenye kituo. Akashuka, akaenda mahali pake, akalipa mgongo lango. Mkaratusi. Mnara wa kanisa.

"Dereva, lina ngazi."

"Nini, Mama?"

"Tenki. Lina ngazi pembeni, ya kupandia."

"Siku zote lina ngazi, Mama."

Akaligeukia lile jicho la chuma, akavichungulia vioo vyake kwa karibu. Vilikuwa safi. Buibui hawakuwepo. Akauliza, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo, "Ile namba, kuna aliyeibadilisha baada yangu?"

"Hakuna, Mama. Wanasema ya Mama haiguswi."

Akakaa juu ya jiwe la kalvati. Niliogopa, nikadhani ataanguka. "Nililipofusha," akasema. "Lilikuwa linaona, nikaliambia halioni." Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, na nilitaka kumwambia kwamba malori yanapunguza mwendo, na vyote viwili nikavimeza. Tukashuka kwa miguu mpaka kwenye kona.

Dada yangu alimkumbatia kabla sijamaliza kusema nani amekuja. Wanawake wengine wakatuzunguka, ndaga, ndaga, asante kwa kuja, pole na macho. Mama Vipimo akawaeleza yote, bila kujificha: bango limekuwa likidanganya kwa sababu yake, anataka kumpigia fundi simu alirekebishe sasa hivi.

Dada yangu akashika kiuno. "Mama, kwani likidanganya linakukera nini? Liache. Tangu limeanza kudanganya hatujapata lori mtaroni."

"Wanapunguza kwa kuogopa trafiki, mwanangu."

"Waogope! Sisi tunataka wapunguze, basi."

"Na siku watakapojua kwamba trafiki hawapo?"

Hapo wakaangaliana. Mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba wameshaanza kujua, kwamba juzi mabasi mawili yalipita yakifukuzana na bango limewaka. Dada yangu akamkazia macho anyamaze.

"Siku hiyo ukungu ukija wa kweli," akasema Mama Vipimo, "bango litasema ukungu, nao watasema, aah, ni lile lile. Watashuka wanavyotaka. Mguu ulivunjika kwa sababu bango lilisema shwari. Sitaki wa pili uvunjike kwa sababu nililifanya liseme ovyo."

"Na ukilirekebisha leo?" Dada yangu alikuwa karibu kulia. "Leo jua linawaka. Litaandika safari njema. Watakuja mbio, na sisi tuko hapa. Kaka, mwambie!"

Wote wakaniangalia mimi. Sijawahi kuchanganyikiwa namna ile maishani. Dada yangu alikuwa na haki. Mama Vipimo alikuwa na haki. Nikasema, "Sijui," na wote wawili wakanionea hasira kwa pamoja.

Mama Vipimo akatazama ndoo zilivyopangwa kando ya lami, kisha mtaro, kisha uwazi wa nyasi ng'ambo yake. Akakunja ushungi wake mabegani. "Basi nyanya kwanza," akasema, akainama, akabeba ndoo.

"Ng'ambo hatuonekani, Mama! Utingo hatatuona."

"Atawaona. Nitakaa na nyinyi nimwite mwenyewe." Na akaingia mtaroni, mwanamke wa umri ule, macho yake bado yanadondosha dawa, akatokea upande wa pili na ndoo haijamwagika. Akarudi kuchukua nyingine. Dada yangu alisimama akimtazama, akasonya, akafunga khanga kiunoni na kuibeba ya kwake, akichechemea. Basi wengine wakafuata. Mimi nilibeba viazi, maana viazi vilikuwa gunia.

Ndoo ya mwisho ilipovuka ndipo alipopiga simu. Alimweleza fundi bila kuzunguka: rudisha namba ile ifuate kibao, niliikosea mimi, macho yangu yalikuwa yanaumwa, na usiogope kuniambia siku nyingine. Tulimsikia fundi akikohoa, akisema ndiyo Mama, haya Mama. Baada ya muda, akiwa ofisini kwenye kompyuta iliyounganishwa na kituo kwa laini ya simu, akasema, "Tayari, Mama. Sasa linaandika safari njema."

Tulikaa tukingoja, wote tumetazama juu. Lori lilikuja, refu, limefunikwa turubai, likashuka bila kugusa breki na kukata kona kwa nje, gurudumu likipita pale dada yangu alipozoea kukaa. Upepo wake ulitufunua khanga na kutupa vumbi mdomoni. Palibaki duara la ndoo kwenye udongo, limekatwa katikati na alama za tairi.

Dada yangu alinishika mkono kwa nguvu kama tulivyokuwa watoto. Mama Vipimo alijifuta macho kwa ncha ya khanga, taratibu, kama alivyoambiwa na daktari, akanigeukia.

"Umeliona, Dereva?"

"Nimeliona, Mama."

"Uliliona, au ulijua litakuja?"

Lori jingine lilikuwa linashuka, na yeye alikuwa ameshasimama, amenyanyua nyanya juu kwa mikono yote miwili, akimwita utingo.